Antene, migomba na kutu ya ndani: tuchunguze mbele ya kushitaki



Kuna swali linalorudi mara nyingi katika mikutano. Sosiete ya simu ilipandisha antene juu ya kilima, na kisha migomba ikaanza kukauka. Nyuki wamehama mzinga. Maharagi yamepata madoa. Juu ya nini tusiseme kwamba mawimbi ya antene ndiyo yanaua shamba?

Swali hili si la kuchekwa. Mlimaji ndiye wa kwanza kuona badiliko katika shamba lake, na vitu viwili vikifika pamoja, mtu mwenye akili lazima aulize kama kimoja kimezaa kingine. Tena, wapo watafiti wanaouliza karibu swali lile lile katika maabara. Wanasema: je, mawimbi ya redio yanaweza kuleta «stresi oksidativu» ndani ya kiumbe chenye uhai, ni kusema uharibifu unaofanana na kutu?

Lakini jibu la haraka linaweza kutugharimu. Kama ugonjwa uko tayari ndani ya shina na sisi tunakusanya sahihi za kung'oa antene, ugonjwa hautatungoja. Utaendelea na kazi yake, shina kwa shina, mpaka kwa jirani. Kwa hiyo tuangalie mambo matatu: mawimbi haya ni nini, watafiti wameona nini, na namna gani wewe mwenyewe unaweza kuchunguza katika shamba lako mbele ya kushitaki mtu.

Mawimbi ya antene ni kitu gani?

Antene ya simu inatoa mawimbi ya redio. Ni jamaa moja na yale yanayoleta habari katika redio yako ya mabetri, na hata mwangaza wa jua ni wa ukoo ule ule. Tofauti iko katika nguvu.

Sisi Wakongomani tuna sababu ya kuogopa neno «mionzi». Urani ya Shinkolobwe, kule Katanga, ilitoa sehemu kubwa ya malighafi ya bomu lililotupwa Hiroshima mwaka 1945. Mionzi ya urani inaweza kuvunja viungo kati ya atomu zilizo ndani ya mwili na kuharibu mbegu ya uzazi wa kiumbe. Mawimbi ya redio hayana nguvu hiyo. Jambo ambalo yanafanya kwa hakika, yakiwa makali, ni kupasha joto. Ndiyo maana fundi hawezi kupanda na kusimama mbele ya antene inayofanya kazi, na ndiyo maana watoto wasiruhusiwe kuruka ua na kupanda ule mnara.

Kuna tume ya kimataifa inayoitwa ICNIRP iliyoweka mipaka mwaka 1998, na ikairudilia mwaka 2020. Kwa mawimbi ya megahezi 900, ambayo simu nyingi za kawaida zinatumia, raia asipate zaidi ya wati 4,5 kwa kila metre mraba. Kwa megahezi 1800, mpaka ni wati 9. Shirika la Afya Duniani (OMS) liliandika mwaka 2006 kwamba vipimo vilivyochukuliwa karibu na antene vilikuwa kati ya 0,002 na 2 kwa mia ya mipaka hiyo. Kwa kulinganisha, jua la saa sita mchana linamwaga karibu wati 1000 juu ya metre mraba moja ya shamba lako.

Tukumbuke tena kwamba mawimbi yanapungua haraka na umbali. Ukiongeza umbali mara mbili, nguvu inabaki robo. Na antene haimwagi mawimbi chini ya miguu yake kama mvua. Inayatupa pembeni, sawa na tochi iliyofungwa juu ya mti na kuelekezwa mbali. Fasi iliyo chini kabisa ya mnara mara nyingi inapata kidogo kuliko fasi iliyo mbali kidogo.

Kutu inayofanyika ndani

Sasa tuseme juu ya hiyo stresi oksidativu, kwa sababu ni jambo la kweli na tunaliona kila siku bila kulipa jina.

Acha jembe nje kwenye unyevu: linapata kutu. Kata avoka na kuiacha mezani: inageuka kahawia. Chimba muhogo siku ya kwanza na kuuweka bila kuumenya: siku ya pili au ya tatu unakuta mistari ya bluu na nyeusi ndani, na mnunuzi anakataa. Katika mambo haya yote oksijeni iko ndani. Kwa muhogo, kazi inaanza dakika chache tu kisha ya kuung'oa: pale kwenye jeraha, seli zinatoa oksijeni kali inayouma kila kitu kilicho karibu.

Mmea, mnyama na mtu, wote wanatengeneza hiyo oksijeni kali kila saa, katika kupumua na katika kugeuza chakula kuwa nguvu. Lakini wote wana walinzi pia. Ukitaka kuona mlinzi mmoja akiwa kazini, kumbuka kituo cha afya: muuguzi akimwaga maji oksijene juu ya kidonda, povu jeupe linapanda. Povu lile linafanywa na mlinzi anayeitwa katalazi, aliye ndani ya damu na nyama. Anavunja ile dawa kali na kuifanya maji na hewa.

Stresi oksidativu ni pale washambulizi wanapowazidi walinzi. Katika shamba inaletwa na ukame, jua kali, baridi, jeraha la panga, wadudu, magonjwa na sumu. Na hapa kuna jambo la kushika vizuri: oksijeni kali kidogo si ugonjwa. Mmea unaitumia kama kengele ya kuamsha ulinzi wake. Kusikia kengele si sawa na kuona nyumba imeungua.

Watafiti wameona nini?

Kule Clermont-Ferrand, katika Ufaransa, watafiti waliweka miche ya nyanya katika chumba maalum na kuipa mawimbi ya megahezi 900 kwa dakika 10. Katika kazi waliyoitangaza mwaka 2006, walisema kwamba muda mfupi baadaye nyanya zilionyesha alama sawa na zile ambazo mmea unaonyesha ukijeruhiwa. Nguvu waliyotumia, volti 5 kwa metre, ilikuwa chini ya mpaka wa raia, ulio karibu volti 41. Kwa hiyo si kweli kusema kwamba mmea hauwezi kabisa kuhisi mawimbi. Lakini ile ilikuwa ni kengele. Nyanya zile hazikukauka kama migomba yetu.

Kule Zagreb, katika Kroatia, wengine walijaribu na majani madogo yanayoelea juu ya maji ya bwawa. Waliona dalili za stresi oksidativu zikipanda kwa nguvu fulani, na kwa nguvu zingine hapana. Mambo hayakufuata njia nyoofu. Mbolea, sumu au jua, ukizidisha kipimo, matokeo yanazidi. Matokeo yakikosa kufuata kipimo, mtafiti anapaswa kukuna kichwa na kurudilia kazi.

Kwa nyuki, Daniel Favre, mtafiti wa Uswisi, alitangaza mwaka 2011 kwamba simu zilizowekwa ndani ya mzinga na kuachwa zikiongea ziliwafanya nyuki watoe sauti ile wanayotoa wakiwa na wasiwasi. Ni jambo la kuzingatia: usifiche simu ndani ya mzinga. Lakini simu iliyo sentimetre chache kutoka kwa nyuki si sawa na mnara ulio ng'ambo ya bonde.

Kuhesabu si kupima

Mwaka 2016, kundi la watafiti lililoongozwa na Igor Yakymenko wa Ukraine lilikusanya tafiti 100 juu ya mawimbi dhaifu ya redio. Lilisema kwamba 93 kati ya hizo zilikuta dalili za stresi oksidativu. Hesabu hii inasambaa sana, na ukiisikia peke yake, unaona kesi imekwisha.

Mwaka 2024 ilitoka kazi nyingine, iliyoagizwa na OMS. Wao walipekua maelfu ya maandiko juu ya wanyama na seli, wakabakiza chini ya 60 yaliyotimiza masharti yao. Walipoyachunguza, wakasema kwamba uhakika uliomo ni mdogo sana: mengi yalifanywa kwa namna yenye kasoro, na matokeo yalipingana. Hawakusema «hakuna hatari hata kidogo». Walisema kwamba kwa ushahidi ule huwezi kusimamisha nyumba.

Namna gani watu wawili wanaangalia jambo moja na kusema tofauti? Mlimaji anaelewa hilo kuliko mtu mwingine. Wewe ukinunua magunia 100 ya maharagi, huhesabu magunia tu. Unafungua, unaingiza mkono, unaangalia kama kuna mawe, maji na wadudu. Tafiti nyingi za mawimbi zina mawe ndani. Kwa mfano, mtafiti hakupima joto la chumba, na joto peke yake linaleta stresi oksidativu. Au hakuweka kundi la kulinganisha katika mashine ile ile ikiwa imezimwa. Au aliyehesabu alijua tayari mnyama gani amepata mawimbi, na jicho likaona kile moyo ulitazamia.

Kwa hiyo, kwa uzito wa mambo tunayoyajua leo: mawimbi ya redio yanaweza kugusa kiumbe katika majaribio fulani, lakini hakuna ushahidi imara kwamba antene ya simu inakausha shamba la migomba. Na kuna mwuaji mwingine wa migomba ambaye ushahidi wake uko wazi kabisa.

Juu ya nini antene na ugonjwa vilifika pamoja?

Mnyauko wa bakteria wa migomba, unaoitwa BXW, ulionekana katika Congo mwaka 2001, kule Masisi, katika Kivu ya Kaskazini. Kutoka pale ukatembea mpaka Kivu ya Kusini na Ituri. Ni miaka ile ile ambamo simu za mkono zilianza kuenea kwetu na antene zikaota juu ya vilima. Vitu viwili vimekua pamoja katika macho ya watu, bila kimoja kuwa mzazi wa kingine.

Lakini kunaweza kuwa na kiungo kingine, na hiki hakiko hewani. Kusimamisha antene kunaleta watu. Wanafungua njia, wanakata migomba, wanapitisha nyaya, wanarudi kila mara kuleta mazuti. Panga lililokata mgomba mgonjwa katika kijija cha kwanza linakata mgomba mzima katika kijiji cha pili, na bakteria inapita kwenye chuma. Hivyo mgomba unaweza kweli kuanza kufa mwaka ule antene ilifika, na mlimaji akawa ameona sawasawa. Aliyekosa kuonekana ni panga.

Vipimo vitano mbele ya kushitaki

Hivi vinaweza kufanywa na koperative yenyewe, pamoja na monitere wa kilimo, katika asubuhi moja.

1. Kateni shina. Chagueni mgomba unaokauka, mkate shina na kungoja dakika kama kumi. Mkiona usaha wa manjano unatoka, na ndizi zilizoiva mbele ya wakati zina doa la kahawia ndani, hiyo ni BXW. Mawimbi hayatoi usaha. Kama hakuna usaha lakini ndani ya shina kuna mistari myekundu au ya kahawia, na majani ya zamani ndiyo yalianza kuwa manjano, fikirieni fusariumu, kuvu ya udongo.

2. Choreni ramani. Karatasi moja inatosha. Wekeni antene, njia, nyumba, na kila kisiki kigonjwa. Kama antene ndiyo mwuaji, uharibifu utafuata umbali na upande, bila kujali njia wala mwenye shamba. Ugonjwa wenyewe unafuata njia, mipaka, mtu aliyekata na fasi ambako miche ilitoka. Unaua kisiki kimoja na kuacha jirani yake.

3. Angalieni mimea mingine. Muhogo, mahindi na kahawa vilivyo pale pale vinapata mawimbi yale yale. Kama migomba peke yake inakufa, tafuteni ugonjwa wa migomba.

4. Tembeleeni kilima kisicho na antene. Kama migomba yao inakauka na dalili ni zile zile, mna jibu.

5. Kumbukeni kazi za mwezi uliopita. Nani alipulizia dawa, upepo ulienda wapi? Mazuti yalimwagika karibu na jeneratere? Mazuti yakiingia katika udongo yanaweza kuua mimea, na hapo mna malalamiko ya kweli.

Kama ni BXW, kazi inaanza siku ile ile. Kateni shina gonjwa kwenye usawa wa udongo na kulitupa pembeni, na mrudi kila wiki kukata kila shina jipya linaloonyesha dalili. Kisha ya kukata, panga lipitishwe motoni mpaka lisishikike kwa mkono, au lioshwe katika javeli, kikombe kimoja kwa vikombe vitano vya maji. Lile ua la zambarau linaloning'inia chini ya mkungu livunjwe kwa kijiti chenye panda, mara tu chane ya mwisho inapotokea. Msitumie panga, kwa sababu wadudu na chuma ndivyo vinapitisha ugonjwa. Msichukue miche katika shamba gonjwa, na msiache mbuzi wale migomba ile.

Kutu ya kweli iko katika depo

Tukitaka kweli kuogopa stresi oksidativu, tuangalie rafu ya dawa. Parakwati, ambayo wengi wanaijua kwa jina la Gramoxone, inaua majani kwa njia hiyo kabisa. Inaingia katika jani, inaiba nguvu ya mwangaza wa jua na kuigeuza oksijeni kali inayopasua seli. Ndiyo maana inachoma haraka siku ya jua. Matone yakipeperushwa juu ya maharagi ya jirani, madoa yanaonekana upesi, na jirani anaweza kuangalia juu na kulaumu antene.

Katika mapafu ya mtu inafanya kazi ile ile. Kiasi kidogo sana kikimezwa kinaweza kuua, na hakuna dawa ya kuigeuza. Umoja wa Ulaya uliikataza mwaka 2007. Basi, isimwagwe kamwe katika chupa ya soda au ya maji, isipuliziwe na mtu asiye na nguo za kumkinga, na isikae nyumbani ambako watoto wanalala. Afadhali koperative ipange kazi ya palizi kwa jembe na kutandika majani makavu, ambayo pia yanalinda udongo na jua.

Haki zetu mbele ya sosiete

Kusema kwamba antene haikuua migomba si kusema kwamba sosiete ya simu haina deni. Mkataba wa kiwanja uwe wa maandishi, na koperative ishike nakala. Mazuti yaliyomwagika yasafishwe na udongo ulipwe. Ua uwe mzima. Na kama watu wana wasiwasi juu ya mawimbi, wana haki ya kuomba vipimo: andikeni barua kwa sosiete, na nakala kwa ARPTC, ambayo ndiyo inasimamia mawasiliano katika nchi yetu. Ombeni namba, na mlinganishe na ile wati 4,5. Barua yenye ramani, tarehe na picha ya udongo uliolowa mazuti ina uzito kuliko sahihi mia zinazosema «antene inaua».

Kwa simu yenyewe, kumbukeni kwamba ile iliyo sikioni inakupa mawimbi mengi kuliko mnara wa kilimani. Tena, fasi ambako rezo iko dhaifu, simu inapiga kelele zaidi ili isikike, na betri inaisha haraka. Mwaka 2011, tawi la OMS linaloshughulika na kansa liliweka mawimbi ya redio katika kundi la vitu ambavyo «labda» vinaweza kuleta kansa, hasa kwa sababu ya tafiti juu ya watu wanaotumia sana simu sikioni. Basi, mazungumzo marefu yafanywe kwa kipaza sauti, au tumeni ujumbe, na msilale na simu chini ya mto. Ni tahadhari isiyogharimu hata falanga moja.

Katika mkutano wenu ujao, kama neno la antene litainuka, msigombane. Mtume watu watatu wenye panga moja, javeli na karatasi. Wakate shina moja, wangoje dakika kumi, na wote waangalie pamoja. Usaha ukitoka, wapeni wanachama wote zamu ya kazi kuanzia siku ile. Usipotoka, mlete ramani yenu kwa monitere, na uchunguzi uendelee kutoka pale.